Acha Liive: Seli za Kinga na Bakteria, Kuanzia Jipu Hadi Kifua Kikuu

Nilikuwa na miaka tisa nilipokanyaga mwiba wa mgunga nikitoka kisimani. Kaka yangu akauchokonoa kwa sindano, akasema umetoka wote. Haukutoka wote. Usiku ule unyayo ulianza kupwita. Kesho yake ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, na ukiugusa una moto. Siku ya tatu nikapata homa, na kwenye kinena kikachomoza kinundu kigumu kama korosho: mtoki. Nilikaa mlangoni nikaanza kulikamua lile jipu. Bibi akanishika mkono. "Acha liive, mjukuu wangu. Ukilikamua sasa utalirudisha ndani." Siku ya tano likatumbuka lenyewe, ukatoka usaha wa manjano wenye ukijani kwa mbali, na ndani yake kipande cha mwiba kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ule usaha ulikuwa uchafu wa bakteria, na kwamba homa, uvimbe na mtoki ni mambo niliyofanyiwa nao. Sivyo. Sehemu kubwa ya usaha ule ilikuwa seli zangu mwenyewe, zimekufa kazini. Homa niliiwasha mwenyewe. Mtoki ulikuwa kazi yangu mwenyewe. Karibu kila tunachokiita dalili ya ugonjwa wa bakteria ni alama ya mwili ukijibu, na asiyejua hivyo hataelewa kwa nini jipu hupona kwa siku saba ilhali kifua kikuu kinadai dawa za miezi 6.

Shuleni tulifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mfano huo unatosha kujibu mtihani, lakini unaacha nje jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote: jeshi hili halina amiri. Hakuna seli inayotoa amri, wala ubongo hautumi kikosi mguuni. Kila seli inanusa kemikali zilizo karibu nayo na kujibu, kisha jibu lake linakuwa harufu inayonuswa na seli nyingine.

Aliyeliona jambo hili mapema naye alitumia mwiba. Mwaka 1882 Élie Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama kutoka Dola ya Urusi, alikuwa akiishi Messina, kisiwani Sicily. Siku moja familia yake ilikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki na darubini yake akichungulia viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao ni miangavu kama maji. Ndani yake aliona seli zinazotembea. Akajiuliza: je, kitu kigeni kikiingia humu, seli hizi zitakifuata? Akachuma miiba ya mwaridi bustanini, akavichoma viluwiluwi. Asubuhi yake aliikuta miiba imezingirwa na seli pande zote. Kiluwiluwi hakina damu kama yetu, hakina ubongo wa kuamuru, na bado seli zilijua pa kwenda. Mwaka 1908 Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Saa za kwanza

Mwiba ulipopenya unyayo wangu uliingia na bakteria waliokuwa juu ya ngozi na kwenye udongo. Hesabu yao inatisha. Bakteria mmoja akigawanyika kila nusu saa, baada ya saa 10 wamepita milioni moja. Kwa hiyo kinga haiwezi kusubiri kujua jina la mgeni.

Wa kwanza kumkuta ni makrofaji, seli kubwa zinazoishi ndani ya nyama yenyewe. Zimo chini ya ngozi, kwenye ini, kwenye mapafu, karibu kila mahali. Makrofaji inamtambuaje bakteria? Inapapasa. Juu yake imejaa vipokezi vinavyonasa vitu ambavyo mwili wa binadamu hauvitengenezi kabisa: vipande vya ukuta wa bakteria, mafuta yenye sukari yanayofunika baadhi yao, protini ya mikia wanayoogelea nayo. Bakteria anaweza kubadili mengi, lakini hawezi kuutupa ukuta wake akaendelea kuishi kama kawaida. Kipokezi mashuhuri kuliko vyote kilianza kueleweka kwa msaada wa nzi wadogo wa matunda, wale wanaozengea ndizi mbivu. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann nchini Ufaransa lilionyesha kwamba nzi ambaye jeni yake iitwayo Toll haifanyi kazi huuawa kirahisi na kuvu. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler na wenzake Marekani wakakuta kwa panya jeni ya ukoo huohuo, inayonusa mafuta ya ganda la bakteria. Wanadamu tunazo pia.

Makrofaji ikishagusa kitu hicho hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Inameza inachoweza, na inamwaga protini ndogo za kupashana habari, saitokini. Seli nyingine za jirani zinaachia histamini. Mishipa midogo ya damu inatanuka na kuanza kuvuja maji na protini. Ndiyo maana unyayo wangu ulivimba na kuwa na moto: damu nyingi ya joto ililetwa pale, na maji yake yakaachwa yavuje kwa makusudi.

Kisha zikaja nyutrofili. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hizi ndizo seli zinazofanya kazi kubwa kuliko zote kwenye jipu na ndizo zinazosahaulika. Kwa mtu mzima nyutrofili huwa zaidi ya nusu ya chembe nyeupe zote za damu. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, na zinaishi muda mfupi tu. Zinapita kwenye damu kwa kasi, na zingepita tu moja kwa moja kama si saitokini, ambazo zimeufanya ukuta wa mshipa wa pale unyayoni uwe wa kunata. Nyutrofili inaanza kukwama na kuachia, inabiringika ukutani kama tairi kwenye matope, mwishowe inasimama, inajibana kati ya seli mbili za mshipa na kutokea upande wa pili.

Ikishatoka inafuata harufu. Bakteria wanapotengeneza protini huanza na kiungo chenye alama ndogo ya kikemikali ambayo seli zetu hazina, na nyutrofili huifuata alama hiyo mpaka ilipo nyingi zaidi. Kuna jambo hapa ambalo kila nikilifikiria linanishangaza. Mitokondria, zile mashine za nishati ndani ya seli zetu, asili yao ni bakteria waliohamia humo zamani mno, na mpaka leo huanza protini zao kwa alama ileile. Kwa hiyo mtu akipondwa mguu hata bila kuingiwa na kijidudu, mitokondria zikimwagika kutoka seli zilizopasuka, nyutrofili huja vilevile.

Ikimfikia bakteria, nyutrofili inamkumbatia, inamfungia kwenye kifuko ndani yake, na kumimina humo vimeng'enya na sumu za oksijeni. Mojawapo ya sumu hizo ni asidi ileile inayofanya kazi ndani ya dawa ya klorini tunayofulia nguo nyeupe. Kuna watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza sumu hizi za oksijeni. Nyutrofili zao zinafika, zinameza, lakini zinashindwa kuua aina nyingi za bakteria, na majipu mazito huwarudia tena na tena. Kimeng'enya kinachotengeneza asidi hiyo ni cha kijani. Ule ukijani kwenye usaha wangu ulitoka hapo. Hata makamasi mazito ya kijani hutokana na hicho, na kwa hiyo rangi hiyo peke yake inakwambia tu kwamba nyutrofili zimefika. Haitoshi kuwa sababu ya kukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki.

Nyutrofili zina silaha moja ya mwisho, iliyoelezwa mwaka 2004 na watafiti wa Berlin: zinaweza kurusha nje DNA yao wenyewe ikiwa imepakwa vimeng'enya, ikawa nyavu zinazowanasa bakteria. Mara nyingi seli hufa kwa kufanya hivyo. Baadhi ya bakteria, akiwemo yule wa majipu, wamejibu kwa kutengeneza kimeng'enya kinachozikata nyavu hizo.

Sasa rudi kwa Bibi. Kuiva kwa jipu ni nyutrofili kujazana, kufa, na vimeng'enya vyao kuyeyusha nyama iliyo katikati, huku pembeni protini za kugandisha damu zikijenga ukuta. Kulikamua kabla ya wakati ni kuubomoa ukuta ule na kuwasukuma bakteria kwenye nyama nzima. Ukuta huohuo ndio unaozuia dawa kufika ndani vizuri, na ndiyo sababu jipu kubwa daktari hulipasua akalitoa usaha, halimalizwi kwa vidonge peke yake. Bibi hakujua neno nyutrofili, lakini alilojua lilikuwa sahihi.

Kuna jambo kuhusu vipimo ambalo watu wetu wanapaswa kulijua. Kipimo cha picha kamili ya damu huonyesha idadi ya nyutrofili, na ikipanda ghafla huashiria mara nyingi kwamba mwili unapambana na bakteria. Lakini viwango vya kawaida vilivyochapishwa kwenye vitabu vingi vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi wenye afya njema wana nyutrofili chache zaidi kwenye damu, hata chini ya 1,500 kwa kila mikrolita, na hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Chanzo ni badiliko la jeni liitwalo Duffy, ambalo pia huwakinga na aina ya malaria iitwayo vivax, kwa kuwa kimelea hukosa mlango aliouzoea wa kuingilia chembe nyekundu. Mtu anaweza kutiwa hofu, au kupunguziwa dawa ya saratani bila sababu, kwa namba ambayo kwake ni ya kawaida.

Homa na mtoki

Makrofaji zikimwaga saitokini nyingi, saitokini hizo zinaingia kwenye damu na kufika mbali. Ubongo ukizipokea unapandisha kiwango cha joto unachokitaka. Ndipo mtu anatetemeka chini ya blanketi akisema anasikia baridi huku mwili unachemka: ubongo umeamua kwamba nyuzi 37 hazitoshi. Paracetamol hushusha homa kwa kuzuia kemikali ya mwisho katika mlolongo huo, haimgusi bakteria. Ini nalo likizipokea saitokini hutengeneza protini za kuwapaka bakteria ili wamezeke kwa urahisi, na huamuru madini ya chuma yafichwe, kwa kuwa bakteria wengi hawakui bila chuma. Mgonjwa wa muda mrefu huishiwa damu kwa sehemu kwa ajili ya hilo.

Haya yote yanafaa yakibaki unyayoni. Bakteria wakiingia kwenye damu na makrofaji za mwili mzima zikajibu kwa pamoja, mishipa inatanuka na kuvuja kila mahali, shinikizo la damu linaanguka, figo zinakosa damu. Hiyo ni sepsisi. Ukosefu wa amiri, ambao kwenye jipu haukuwa na ubaya, hapa unaua. Mtu mwenye maambukizi akianza kuchanganyikiwa, kupumua haraka, kukosa mkojo, au mtoto mchanga akigoma kunyonya, ni wa kukimbizwa hospitali saa ileile.

Mtoki ni habari nyingine kabisa. Wakati nyutrofili zinakufa unyayoni, seli zenye matawi, ambazo Ralph Steinman alizieleza mwaka 1973, zilichukua vipande vya bakteria zikapanda navyo kwenye mirija ya limfu hadi tezi ya kinena. Huko kuna seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe, nyingi sana, na kila moja imezaliwa na kipokezi chake kinachoshika umbo moja tu. Inayolingana na bakteria wa mwiba wangu huenda ilikuwa moja kati ya laki moja au zaidi. Tezi huzizuia seli zisitoke, zote zipite mbele ya kile kipande, mpaka inayohusika ipatikane. Ikipatikana inagawanyika siku baada ya siku. Kinundu changu cha korosho kilikuwa mkusanyiko huo.

Seli T hizo husaidia ndugu zao, seli B, kutengeneza kingamwili, protini zinazong'ang'ania bakteria huyo na si mwingine. Kuna bakteria ambao bila kingamwili hawashikiki, kama nimokoko wa homa ya mapafu, aliyejivika ganda la sukari linaloteleza. Akishapakwa kingamwili, makrofaji za bandama humchuja kwenye damu. Watoto wenye selimundu hupoteza kazi ya bandama mapema sana, na ndiyo maana hupewa penisilini kila siku hadi angalau miaka 5. Chanjo ya nimokoko hufundisha seli B kabla mtoto hajakutana na bakteria mwenyewe. Kenya iliianza mwaka 2011, na huko Kilifi, ambako watoto walifuatiliwa kwa makini, maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa walio chini ya miaka 5.

Kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya bakteria kwisha. Hiyo ni neema, na pia ni chanzo cha kosa ambalo limegharimu fedha na dawa nyingi mitaani kwetu. Kile kipimo cha taifodi kiitwacho Widal hakimtafuti bakteria, kinatafuta kingamwili. Aliyeugua zamani, au aliyekutana na bakteria wa ukoo wa karibu, anaweza kuambiwa ana taifodi leo. Jibu la uhakika zaidi huja kwa kuotesha damu maabara.

Anayemezwa kwa hiari

Mwaka uleule wa 1882, tarehe 24 Machi, Robert Koch alisimama mbele ya wenzake Berlin akatangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Bakteria huyu anavuruga kila nilichoeleza hapo juu.

Haji kwa fujo. Anagawanyika mara moja kwa karibu saa 20. Amejifunika nta nene. Anaingia na hewa hadi kwenye vifuko vya mapafu, anamezwa na makrofaji kama kawaida, na hapo ndipo alipotaka kufika. Kifuko kilichomfungia kinapaswa kuungana na kingine chenye asidi na vimeng'enya. Anauzuia muungano huo, na anaishi ndani ya seli iliyokuja kumuua. Kengele zinachelewa kulia. Seli T zenye kumtambua huchukua wiki kadhaa kufika mapafuni, si siku tano kama kwenye mguu wangu.

Zikifika, hazimuui kwa mkono wao. Zinamwaga saitokini inayozipa makrofaji nguvu mpya, na nyingi zinaanza kumzuia. Wanaobaki wanazungushiwa ukuta wa makrofaji zilizosongamana na seli T pembeni, kinundu kinachoitwa granuloma. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya wanne duniani amewahi kuambukizwa, na kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaougua katika maisha yao. Wengine huishi na ukuta huo bila kujua.

Ukuta hauna saruji. Kila siku unashikiliwa na seli. VVU hushambulia hasa zile seli T saidizi, na zikipungua ukuta unalegea. Hapo linatokea jambo ambalo limewapotosha wengi: mgonjwa mwenye kinga ndogo sana anaweza asiwe na matundu kwenye picha ya kifua, na makohozi yake yasionyeshe kitu kwenye darubini, ingawa bakteria wamejaa mwilini. Matundu ya mapafuni hutokana na mwili ukipigana, na huyu hana wa kupigana. Akianza dawa za kufubaza VVU, wiki chache baadaye homa inapanda, mitoki ya shingo inavimba, kikohozi kinazidi. Nimewasikia ndugu wakisema, "Dawa zimemmaliza." Wengine wameziacha. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba seli T zimerudi, zimewakuta bakteria pale walipo, na moto umewaka. Hapo pa kwenda ni kliniki. Daktari anaweza kuutuliza moto huo huku dawa zikiendelea.

Na ile miezi 6? Dawa za wiki za mwanzo huua haraka bakteria wanaogawanyika. Mgonjwa anapata nafuu, hamu ya kula inarudi. Wanaosalia wamejificha ndani ya granuloma na makrofaji, wamelala, na dawa nyingi humpata vizuri bakteria anayefanya kazi, si aliyelala. Inabidi dawa iwepo kila siku wanapoamka mmoja mmoja.

Mtu akitaka kuyaona haya kwa macho yake, amtazame mtoto aliyechanjwa BCG, chanjo iliyotolewa kwa binadamu mara ya kwanza Paris mwaka 1921 na inayowakinga watoto wadogo hasa dhidi ya kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima. Ndani yake mna bakteria hai wa kifua kikuu cha ng'ombe, bakteria aliyedhoofishwa. Wiki mbili za mwanzo huoni kitu. Kisha kinatokea kipele, kinakua, kinatoa usaha kidogo, kinakuwa kidonda, na mama anarudi kliniki ana wasiwasi. Muuguzi anamwambia, "Usikipake kitu, mama, wala usikikamue. Kioshe kwa maji tu, kiache wazi." Baada ya miezi miwili au mitatu kinafunga, na linabaki kovu dogo la mviringo mkononi.